Toka Nje Ufungue Macho

Somo la vikundi vya nyumbani
Maandiko ya kusoma pamoja: Marko 6:30–44, Yohana 6:1–13, Mathayo 6:25–34, Yeremia 8:7

Mvua imeanza. Jumapili iliyopita wengi wenu mlifika ibadani na matope kwenye viatu, na ninyi mnaokaa karibu na mto mmeanza tena kuamka usiku kuangalia maji yamefika wapi. Somo la wiki hii linahusu msimu huu tulio nao, na swali ambalo limetugawanya kidogo hapa kanisani.

Vijana wameomba Jumamosi moja mwezi huu tutoke kama kanisa, twende msituni, tutembee, tule pamoja, tupande miti. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akaniuliza, "Pasta, roho za watu zinapotea huko nje, na sisi tunaenda kuangalia miti?" Hilo si swali la mchezo, na mzee hakuuliza kwa ubaya. Siku hiyohiyo, baada ya ibada, mama mmoja anayeuza mboga siku sita kwa wiki akaniambia, "Mimi mara ya mwisho kukaa chini ya mti ilikuwa mazishini, ushago." Nimebeba maneno ya hao wawili wiki nzima. Tuyapeleke yote kwa Neno.

Fungua Marko sura ya 6. Hii ni habari ya Yesu kulisha watu elfu tano, na tumeihubiri mara nyingi kama habari ya muujiza wa mikate. Leo tuangalie mambo ambayo huwa tunayaruka tukikimbilia mikate.

1. Yesu aliwaita wafanyakazi wake wapumzike

Wanafunzi walikuwa wametoka huduma. Walikuwa wamehubiri, wametoa pepo, wameponya wagonjwa. Walirudi na ripoti nzuri. Lakini mstari wa 31 unaonyesha hali yao: watu walikuwa wengi, hawa wanakuja, hawa wanaenda, mpaka hawakupata hata nafasi ya kula. Bwana hakuwaambia waongeze siku za kufunga. Aliwaambia waje kando, mahali pasipo na watu, wapumzike kidogo.

Angalia vizuri ni nani aliyetoa wazo hilo. Si wanafunzi waliolalamika kwamba wamechoka. Ni Bwana mwenyewe aliyeona uchovu wao kabla hawajausema.

Sisi tuna wahudumu wa milango, waimbaji, walimu wa watoto na waombezi ambao Jumatatu hadi Jumamosi wako kazini, Ijumaa usiku wako kesha, na Jumapili wanafika kanisani kabla ya jua. Tena tunawapigia makofi. Mimi nilisomea biashara, na kule tulifundishwa kwamba mashine yoyote lazima itengewe muda wa matengenezo, la sivyo itajitengea yenyewe, na itachagua siku mbaya. Mwili wako si mashine, ni hekalu la Roho Mtakatifu. Ikiwa mashine inapewa muda wake, je, hekalu?

2. Ilikuwa msimu wa majani mabichi

Marko 6:39 inasema Yesu aliwaagiza watu waketi kwenye majani mabichi. Kwa nini Marko akataje rangi ya majani? Ukienda Yohana 6:4 unapata jibu: Pasaka ilikuwa karibu. Nchi ya Israeli inapata mvua yake kuanzia mwezi wa Oktoba au Novemba hadi Machi au Aprili. Ikifika Pasaka, mvua inaisha, mashamba ya shayiri yanaanza kuvunwa, na vilima vya Galilaya vimejaa nyasi na maua. Wiki chache baadaye jua linakausha kila kitu. Kwa hivyo ibada hii ya watu elfu tano ilifanyika nje, mwanzo wa majira ya kuchipua, wakati nchi ilikuwa nzuri zaidi.

Hapa kwetu hatuna majira ya baridi kama yao, lakini tuna jambo linalofanana. Januari na Februari ni vumbi na jua kali, halafu Machi masika inaingia na nchi inabadilika rangi kwa siku chache tu. Kwao mvua ya mwisho inakomaza mavuno, kwetu mvua ya wakati uleule inafungua msimu wa kupanda. Sisi Wapentekoste tunapenda kuhubiri mvua ya masika ya Yoeli 2:23 kama mfano wa kumiminwa kwa Roho, na ni sawa kabisa. Lakini mfano hauna nguvu kwa mtu asiyejua kitu chenyewe. Mtoto wa kizazi hiki anayekulia gorofa ya nne, ambaye kwake mvua ni foleni ya magari na stima kupotea, ataelewaje kwamba Roho anakuja kama mvua? Mtoe nje. Mwonyeshe udongo uliopasuka Februari, halafu mrudishe hapohapo baada ya wiki mbili za mvua. Umemfundisha Yoeli.

3. Yesu alisema tazama

Kwenye Mathayo 6 Bwana anasema na watu waliojaa wasiwasi kuhusu chakula na nguo. Sisi tungesema kodi ya nyumba, karo ya shule na bei ya unga. Ajabu ni dawa aliyowapa. Aliwaambia wawaangalie ndege. Aliwaambia wayafikirie maua ya shambani, yanavyokua. Hayo ni maagizo mawili, na yote mawili yanataka mtu awe nje, asimame, afungue macho.

Hapa naomba mnisikie vizuri. Watu wetu wanatoka nje, tena sana. Nenda Nairobi Arboretum karibu siku yoyote utawakuta waombaji chini ya miti, wengine wanatembea, wengine wanalia mbele za Mungu. Nenda Jeevanjee Gardens saa ya chakula cha mchana utasikia injili. Mungu awabariki. Lakini Arboretum ni bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka wa 1907, na ndani yake kuna miti ya aina nyingi kutoka hapa kwetu na nchi za mbali. Unaweza kuomba chini ya mti mmoja miaka kumi bila kujua ni mti gani, kwa sababu kila ukifika unafunga macho. Funga macho uombe, sikatai. Ukimaliza kusema Amina, yafungue, ukae dakika kumi zaidi. Yohana 17:1 inasema Yesu mwenyewe aliomba akiwa ameinua macho yake mbinguni.

Uangalie nini? Msimu huu kuna mengi. Alfajiri utamsikia ndege wa mvua, yule anayeita mara tatu mfululizo, sauti ikishuka, bila kuonekana. Baada ya mvua nzito kumbikumbi watatoka ardhini, na ndugu zetu wa magharibi wataanza kutafuta ndoo na sufuria. Sehemu nyingi za nchi utaona ua jekundu la mviringo, kubwa kama ngumi au zaidi, limechomoza kutoka udongo mtupu kabla hata majani yake hayajatoka vizuri. Hakuna aliyelipanda. Mukinduri nao unachanua ghafla baada ya mvua, na maua yake hayakai siku nyingi. Usipoangalia wiki hiyo, yamepita.

Halafu soma Yeremia 8:7. Nabii anasema ndege wa angani wanajua nyakati zao, na anawataja kwa majina, wakiwemo hua, mbayuwayu na korongo, kisha analalamika kwamba watu wa Mungu hawajui hukumu ya Bwana. Hiki kitu kilinigusa nilipokifuatilia. Wale korongo weupe wenye miguu na midomo myekundu, ambao huonekana kwenye mashamba kama yale ya ngano kule Narok, hawakai kwetu mwaka mzima. Masika inapoingia wanaelekea kaskazini kwenda kuzaliana Ulaya. Makundi makubwa ya korongo kutoka Afrika hupita juu ya nchi ya Israeli mwezi wa Machi. Mbayuwayu wengi wanaokaa kwenye nyaya zetu za stima nao wanasafiri majira hayohayo. Maana yake Yeremia, akiwa kwao, aliinua macho akaona ndege waliotoka upande huu wetu wa dunia, akapata ujumbe wa kuwapelekea watu wake. Kama angekuwa na haraka tuliyo nayo sisi, mstari huo tungeukosa.

4. Waliketi vikundi vikundi

Marko 6:40 inasema watu waliketi kwa mafungu, hapa mia, hapa hamsini. Ibadani huwa tunakaa tukiangalia kisogo cha mtu aliye mbele. Kwenye nyasi watu walikaa wakiangaliana nyuso. Hapo ndipo mkate ulipita mkono kwa mkono.

Kuna watu tumeabudu nao miaka mitatu na hatujui wanafanya kazi gani. Ukitembea na mtu kilomita nne, atakuambia mambo ambayo hawezi kusema kwenye mlango wa kanisa. Wanaume hasa. Mwanaume wa kwetu ukimketisha ofisini kwa pasta umwulize hali yake, atasema yuko sawa. Tembea naye mkiangalia mbele wote wawili, baada ya nusu saa atakuambia alifutwa kazi mwezi wa Desemba na mke wake hajui.

Na hapa ndipo namjibu mzee wangu kwa heshima. Mzee, uko sahihi kwamba roho zinapotea. Lakini soma mstari wa 34. Safari ile ya mapumziko haikumzuia Yesu kuwahudumia watu. Walimfuata kulekule, akawahurumia, akawafundisha mambo mengi. Nje si mbali na huduma. Jirani ambaye amekataa mwaliko wa kuja kanisani mara tano, mwite aje na watoto wake msituni Jumamosi mle chapati pamoja. Mara nyingi huyo atakuja.

Wengine wanasema hatuna pesa. Tupige hesabu kama watu wa nyumba moja. Gharama kubwa ni nauli, na kiingilio mahali kama Karura. Chakula ni kile ambacho ungekula nyumbani: githeri, chapati, ndizi, chai kwenye themosi. Kikundi cha watu kumi na watano kikianza kuchanga kidogo kidogo sasa, kwa mwezi mmoja kitakuwa kimefika. Na kama mwenzenu hana kabisa, yule kijana wa Yohana 6:9 hakuwa na chakula cha watu elfu tano. Alikuwa na chake. Mkikosa nauli kabisa, kuna uwanja wa shule, kuna bustani ya mtaa, kuna ule mti mmoja uliobaki karibu na kituo cha matatu. Anzeni hapo.

5. Walikusanya mabaki

Baada ya watu kushiba, Yohana 6:12 inasema Yesu aliagiza vipande vikusanywe, kitu kisipotee. Vikapu kumi na viwili. Yule aliyeweza kuumba mikate mingine papo hapo ndiye aliyekataa mabaki yaachwe kwenye nyasi. Mkutano wa watu elfu tano uliondoka na mlima ukabaki vile ulivyokuwa.

Wapendwa, mikutano yetu ya nje huacha nini? Tunajua. Kwa hivyo agizo la kwanza: kila kitu tunachobeba kwenda, tunabeba kurudi. Tangu tarehe 5 Juni 2020 serikali ilipiga marufuku plastiki za kutumika mara moja ndani ya misitu na mbuga zetu, kwa hivyo usije na maji ya chupa ya kutupa wala sahani za plastiki. Beba chupa yako ya nyumbani.

Agizo la pili ni kutunza mahali penyewe. Msitu wa Karura una zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji la Nairobi, una mito, maporomoko ya maji na mapango. Leo familia zinatembea mle kwa amani. Lakini miaka ya tisini sehemu kubwa yake ilikuwa imegawiwa watu binafsi ili wajenge. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alikwenda pale na wenzake kupanda miche. Walishambuliwa na kundi la wanaume, akapigwa kichwani, na alipofika polisi kuandikisha taarifa alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Alikuwa mama wa karibu miaka 59. Mwaka wa 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Kivuli tutakachokalia Karura kilikuwa na bei, na kuna mtu aliilipa.

Kwenye vitabu vya biashara, msitu uliosimama unaweza kuonekana kama kiwanja kisichoingiza kitu mpaka ukatwe uwe mbao au majumba. Zaburi 24:1 ina hesabu tofauti: nchi yote na vilivyomo ni mali ya Bwana. Sisi ni mawakili tu, na Mwenye mali atauliza.

Basi tupande, lakini tupande kwa akili. Serikali imeweka lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa sikukuu ya taifa watu wapande miti. Siku ya kupanda ni rahisi, ina kamera na fulana. Kazi ni Januari inayofuata, mvua ikiwa imekwisha, nani atabeba ndoo ya maji? Chimbeni mashimo mapema, ngojeni udongo ulowe hadi chini, toeni karatasi ya plastiki kwenye mche. Chagueni miti ya asili kama mukinduri, muiri au mugumo. Mikaratusi msiweke karibu na mto, inakunywa maji mengi. Na kila mche uandikiwe jina la familia moja itakayoutunza miaka miwili. Afadhali miche ishirini iliyo hai kuliko mia mbili iliyokauka.

Neno kwa wale wanaoogopa mvua

Siwezi kuandika haya yote kuhusu uzuri wa masika na kusahau kwamba Aprili na Mei mwaka wa 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini mwetu, na wengi karibu na mito ya Nairobi walipoteza kila kitu. Kwa wengine wetu sauti ya mvua kwenye mabati si wimbo. Ni tisho.

Ndiyo maana Jumamosi ya kwanza hatutaanzia Karura. Tutaanzia mtaani kwetu, na majembe, mafagio na glavu, tufungue mitaro iliyozibwa na takataka kabla mvua kubwa haijafika. Hiyo pia ni kutoka nje pamoja, na ndugu zetu wa kando ya mto watajua kwamba wana kanisa. Jumamosi ya pili ndiyo safari ya msituni. Familia yoyote iliyo karibu sana na maji, tafadhali mwambieni kiongozi wa kikundi chenu wiki hii, tupange mahali mtakapolala maji yakipanda. Usingoje usiku huo. Na tukiwa nje, radi ikianza hatukai chini ya mti, na hakuna mtu atakayevuka mto uliojaa, hata kama maji yanaonekana ya magotini.

La kufanya wiki hii

Siku tatu, kabla ya kushika simu asubuhi, toka nje ya mlango wako dakika kumi. Taja kwa sauti vitu vitatu ulivyoona ambavyo mwanadamu hakuvitengeneza, na umshukuru Mungu kwa kila kimoja. Ukiwa na mtoto, nenda naye, na umwache yeye ataje kwanza. Mtoto atakushinda.

Maswali ya kujadili

1. Katika Marko 6:31, ni nini kilichowafanya wanafunzi wakose hata nafasi ya kula? Kwako wewe ni nini?
2. Yesu aliwapa watu wenye wasiwasi kazi ya kuangalia ndege na maua. Unafikiri kuangalia huko kunabadilisha nini ndani ya mtu?
3. Nani katika kikundi chenu amechoka na hajasema? Mtamtembeleaje?
4. Ni mahali gani pa wazi karibu na kwenu ambapo panachafuliwa au panaliwa polepole? Kikundi chenu kinaweza kufanya nini kabla ya Pasaka?

Tuombe

Baba, asante kwa mvua. Walinde wanaokaa karibu na maji, na utupe mioyo ya kuwafungulia milango yetu. Utupumzishe sisi tuliochoka. Utufungue macho tuione kazi ya mikono yako, na utupe mikono ya kuitunza, ili watoto wetu nao wapate pa kukaa na kukusifu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.